Jiwe Halikohoi

Ipo asubuhi moja haijanitoka, mwanangu, na sitaki initoke. Wakati mwingine nikiwa napepeta mbaazi inanirudia yote, nami nazimwaga chini. Binti zangu wanadhani ni uzee. Ni hasira. Nakwambia haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenye kamati ya dispensari yetu. Jumapili watu walikupigia makofi kanisani. Mimi sikupiga. Nilikuangalia nikasema moyoni, huyu lazima nizungumze naye kabla hajakizoea kiti.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, si miaka mingi iliyopita, hapa hapa Kanyangi. Dawa zilikuwa zimeletwa kutoka Kitui baada ya miezi ya kuambiwa rudi wiki ijayo. Unajua habari kama hiyo inavyokimbia huku kwetu. Kulipokucha, mstari wa mawe ulikuwa umetoka mlangoni pa dispensari ukapita ukumbi, ukazunguka tangi la maji.

Nikueleze, maana siku hizo wewe ulikuwa shule ya bweni. Foleni yetu ilikuwa ya mawe. Unakuja mapema, unaweka jiwe lako, kisha unarudi nyumbani kukamua mbuzi na kunywa chai, na jiwe linakushikia nafasi. Mwingine aliweka nusu ya tofali, mwingine ndala iliyokatika. Mama Wanza, jirani yangu, jiwe lake alilipaka chokaa ili lisipotee. Na kulisogeza jiwe la mtu ilikuwa ni kutafuta ugomvi naye, sawa na kuingiza ng'ombe wako katika shamba lake.

Aliyeanzisha mawe hayo ni Kilonzo, mwenyekiti wa kamati, na sitamsingizia, alikuwa na sababu. Kabla yake, mwenye gari alishuka akaingia moja kwa moja kwa nesi, sisi tukabaki tumekodoa macho. Kilonzo alikomesha hayo. Alisema mwenye gari na mwenye punda watapanga laini moja. Tulimsifu sana, na alistahili kusifiwa.

Basi siku hiyo jua lilikuwa limeshapanda Ndunge alipofika. Ndunge ni binti aliyeolewa ng'ambo ya mto, kule ambako boda boda haifiki bila kusukumwa. Alikuwa ametembea tangu gizani, mtoto wake Musyoki kamfunga mgongoni kwa leso. Nilisikia pumzi za mtoto kabla sijamwona. Alipomshusha, niliona mbavu zinavyobonyea kila akivuta hewa. Nimezaa na nimezika, mwanangu. Nilijua ninachokiona.

Kilonzo akamwonyesha Ndunge mkia wa foleni. Nikainuka nikamwambia huyu mtoto aingie sasa hivi, asingoje mtu. Hakunijibu vibaya. Kilonzo hajawahi kunijibu vibaya.

"Mama Mwende, mimi siwezi kuruka watu," akasema. "Nikimpitisha huyu, kesho kila mtu atasema wake ndiye siriasi. Ataingia akifikiwa."

Watu gani? Nafasi nyingi mbele ya Ndunge hazikuwa na mtu. Zilikuwa na mawe. Nikamwambia Kilonzo kwamba jiwe halikohoi. Watu wakacheka, na mimi sikuwa nachekesha mtu. Nikainama niyasogeze mawe mwenyewe, wanawake wawili wakanishika mikono, wakaniuliza kama mimi ndimi mwenye dispensari. Nilimpa Ndunge nafasi yangu, lakini nafasi yangu nayo ilikuwa huko huko nyuma. Yeye hakupaza sauti hata kidogo. Alikuwa mgeni kwetu, na mgeni hapigi kelele kwa watu.

Nesi alikuwa ndani, peke yake, anapima, anadunga, anaandika, anagawa. Alimwona aliyekaa mbele yake tu. Huku nje wenye mawe walikuwa wanapigiwa simu: njoo, jiwe lako limekaribia mlango. Wakaja mmoja mmoja, wamenawa uso, wamekunywa chai. Na wengi wao, mwanangu, hawakuwa na mgonjwa. Walisema mtoto anakohoa usiku, wakapewa chupa ya dawa ya kifua, wakaenda kuiweka kabatini. Nisiwalaumu bure. Mahali ambapo dawa huja kama mvua ya huku kwetu, kila mtu huteka anapoweza. Lakini niliwaona wakipita na zile chupa mbele ya Ndunge, na hakuna aliyemtazama mtoto wake.

Ndunge alipofika mlangoni, dawa ya kifua ya watoto ilikuwa imekwisha, ya kunywa na ya sindano. Nesi alimgusa Musyoki mara moja tu akatoka nje mbio.

"Huyu mtoto amekuwa hapa tangu saa ngapi?" akauliza. "Kwa nini hakuna mtu aliyeniita?"

Kilonzo alikuwa anaangalia mawe. Tuliita boda boda, Ndunge akapanda na mtoto kifuani, kuelekea hospitali ya Kitui. Hawakufika. Musyoki alikata roho kabla hawajaikuta lami, na yule wa boda boda akageuza pikipiki polepole akawarudisha.

Mimi nilizaliwa upande wa Makueni, chini ya milima ya Mbooni, na huko utotoni kiangazi kilikuwa kiangazi. Tulichimba visima katika mchanga wa mto uliokauka, maji yakawa yanatoka kwa kuvizia, na vyombo vilipangwa mstari mrefu. Siku moja nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alichukua kibuyu cha mwanamke aliyekuwa wa mwisho akakiweka mbele ya changu. Nyumbani kwa yule mama kulikuwa na mtoto mchanga. Nilinuna nikasema mimi nimefika kwanza. Susu hakunipiga. Alinikalisha kwenye mchanga akaniambia laini imewekwa ili watu wasipigane, haikuwekwa ili watu wafe. Wazee wetu walipanga vyombo, ndiyo, lakini kando ya kisima alikaa mtu mzima mwenye macho. Sisi tulichukua ule mstari tukaupeleka dispensari, tukamwacha mwenye macho mtoni.

Sasa sikiliza kilichonimaliza. Baada ya mazishi, nilikwenda kwa Mama Wanza kuazima ungo. Kuku wake walikuwa wanasinzia, ule ugonjwa unaowafagia kila kiangazi. Nilimkuta anavunja muhuri wa chupa ya dawa ya kifua ya watoto, anamimina unga wake, ule wa kukorogwa na maji, kwenye sufuria ya maji ya kuku. Alifanya hivyo huku anaongea nami habari za kwaya, anatabasamu. Wengi huku wanafanya hivyo, wanasema kuku wanapona.

Nililipiga teke lile sufuria. Likaruka mpaka ukutani. Mama Wanza akaniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia, "Hiyo ni dawa ya Musyoki." Alikaa chini pale pale kwenye matope akalia, na mimi sikumbembeleza. Nilivuka barabara moja kwa moja hadi kwa Kilonzo.

Alikuwa anatengeneza ua wake. Nikamwambia nilichokiona. Aliweka nyundo chini, akanitazama kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Mimi sijakula shilingi ya mtu," akasema. "Hata ndugu yangu wa damu alipanga laini. Sasa makosa yangu ni yapi?"

"Ungekula pesa, ningejua la kukufanya," nikamwambia. "Wewe ulimwona yule mtoto kwa macho yako, kisha ukaenda kuuliza mawe."

Akaokota nyundo akarudi kwenye ua wake. Na usidhani alibadilika. Aliendelea na mawe yake mpaka muda wa kamati yake ulipoisha, na kila Jumapili ananisalimia kwa heshima, dhamiri yake safi kama sahani iliyooshwa. Hilo ndilo linalonikereketa. Mwizi wa dawa tungemfukuza siku hiyo hiyo. Huyu tulimpa zawadi ya mbuzi alipostaafu. Na wale wakubwa waliotuletea dawa kidogo hivyo, wenye watoto ambao hawajawahi kukohoa katika foleni yoyote, hao hata majina yao hatukuyataja. Tulibaki kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya mawe, wao wakalala usingizi.

Ndunge bado yuko ng'ambo ya mto. Amezaa tena, msichana. Mwezi uliopita nilimwona sokoni, nikamuuliza mtoto wake anatibiwa wapi. Akaniambia akiugua anamkanda kwa maji ya uvuguvugu na kumwombea, kwa sababu dispensari ni ya wenye mawe. Nilisimama pale na nyanya zangu mkononi.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uisikie vizuri kwa sababu sina tabia ya kurudia. Mawe yatoe. Kesho, si mwaka ujao. Kila asubuhi ya dawa, mmoja wenu kwenye kamati atembee ile foleni kutoka mkiani hadi mlangoni, aangalie vifua, aguse vipaji vya uso, aulize nani ametoka mbali, na anayezidiwa apelekwe ndani hata kama amefika sasa hivi. Watakutukana. Watasema umempendelea mtu wa kwenu, na watakuwa na haki ya kuuliza, basi uwajibu mbele ya wote kwa nini umemtanguliza huyu. Usijifiche nyuma ya sheria ili usichukiwe na mtu. Dawa ya kuweka kabatini, usimpe yeyote, hata mimi. Na tajiri asiruke foleni; hapo Kilonzo alisema kweli, mshikilie.

Kisha, ukishagawa vizuri hicho kidogo, usirudi nyumbani ukajiona umemaliza kazi. Panda gari uende Kitui, ukae kwenye ofisi zao mpaka wachoke kukuona, uwaulize kwa nini ni kidogo. Kugawana upungufu kwa haki ni vizuri, lakini mtu fulani aliutengeneza huo upungufu, naye asiachwe apumzike.

Na kabla ya hayo yote, vuka mto. Nenda kwa Ndunge, umwambie wewe ni nani, umwombe msamaha kwa niaba yetu, umwambie akija na mtoto wake ataonwa. Asipokuamini, nenda tena.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama mgonjwa, na mdomo usioogopa wenye ofisi. Akulindie wanao wasikose pumzi. Na siku utakapombeba wako mgongoni, ukitokea mbali, ukiwa wa mwisho kufika, Mungu amweke mlangoni mtu atakayesikia mtoto anavyohema, akuite kwa jina.