Mizabibu Niliyoipogoa Kama Chai

Baba yangu alivusha vijiti kumi na viwili vya mzabibu kutoka Tanzania, enzi zile akiendesha lori la mahindi. Alivifunga ndani ya gunia lililoloa, na pale mpakani Isebania alipoulizwa, akasema ni kuni. Ng'ambo kule alikuwa ameona watu wakilima zabibu kwenye ardhi kavu na kutengeneza divai, akaamini hata kile kishamba chetu cha upande wa Mulot, ambako chai haishiki, kingeweza kuzaa kitu. Majirani walimcheka, wakamwuliza kama ng'ombe wake sasa watalewa. Hakuwajali. Alisimika nguzo, akavuta waya, akawa anamwagilia kwa mtungi.

Mwaka wa tatu, matawi yalipokuwa yamejaa waya wote, koo lake likaanza kukataa chakula. Ugali kwanza, halafu wali, halafu hata viazi. Huku kwetu saratani hiyo ya koo tunaijua, hatuna haja ya kuelezwa. Daktari alisema ataweza kumeza vitu vya majimaji kwa miezi kadhaa. Baba akaniambia kwa sauti iliyokwaruza, "Hiyo inatosha. Hii zabibu ikiiva mnikamulie. Nataka nionje yangu, basi."

Alipolazwa, niliamua kumsaidia. Mimi ni mchuma chai, mama yangu alikuwa mchuma chai, na sina subira. Mume wangu husema hata uji naupuliza kwa hasira. Niliyakuta matawi marefu yamening'inia, kiangazi kimeyapukutisha majani, nikayaona ni uchafu tu. Chai ikichoka tunaikata bapa, usawa wa goti, na baada ya miezi michache inarudi imejaa. Basi nikanoa panga, nikakata mizabibu yote kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilijisifu mpaka nikawaita majirani waje waone.

Baba aliporudi aliniomba nimshike mkono, tukatembea polepole mpaka pale. Alipitisha kidole juu ya vikonyo vilivyokatwa, kimoja baada ya kingine.

"Umekata vizuri, mama," akaniambia. "Imekaa sawa kabisa."

Nilifurahi kama mtoto.

Mvua iliponyesha majani yalirudi mengi. Kila Jumapili nilimpelekea habari za mizabibu, naye aliitikia kwa kichwa tu. Maua sikuyaona. Hakuniuliza hata mara moja, nami nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Alifariki akinyweshwa uji mwepesi kwa kijiko, zabibu hajaionja.

Siku ya matanga, bwana shamba aliyekuja kutupa pole alipita karibu na zile nyaya. Akauliza mbele ya watu ni nani aliyekata mizabibu namna hiyo. Alieleza kwamba matunda hutoka kwenye machipukizi ya matawi ya mwaka uliotangulia. Ukiyakata yote, msimu huo umeutupa.

Kabla sijasema lolote, jirani yetu mmoja akamjibu, "Ni mzee mwenyewe. Alituambia sisi wote, ati yeye ndiye alituma huyu msichana wake akate. Alisema alikosea."

Watu wakaguna, wakimhurumia mzee aliyejinyima kwa mkono wake mwenyewe. Kisha wakanigeukia mimi.

Niliona aibu. Niliogopa.

"Ndiyo," nikasema. "Alinituma."