Nafasi Moja ya Pweto

Mwaka ule bunduki ziliposhuka kutoka kaskazini, nilikuwa fundi wa mitandao wa benki moja katikati ya Lubumbashi. Tulikuwa tunahamishia kumbukumbu zetu Kolwezi kabla vita haijatufikia. Taa ndogo za kijani zilimetameta katika chumba baridi cha mashine, mpaka nikasahau kama nje ni mchana.

Waya wa fibre ulikuwa mzima, lakini kazi ilikwenda kwa kusuasua, nami nikaichukia swichi yetu, ile mashine inayounganisha nyaya za matawi yote. Ilituma vifurushi vichache vya data, kisha ikanyamaza ikingoja jibu lirudi kutoka mbali. Dawa yake ni kuliongezea tundu la waya wa Kolwezi nafasi za kuhifadhi, ili litume vingi bila kungoja. Ila nafasi ni chache. Ukizitaka, unazitoa kwenye tundu jingine.

«Toa za Pweto,» mukubwa wangu akasema. «Kule hakuna tena muntu.»

Tundu la Pweto, tawi letu la kaskazini, lilikuwa giza tangu vita ifike kule wiki iliyopita. Mwenzangu wa kule alikuwa akinipigia kila asubuhi kuniamkia, kabla hajatuma chochote.

Nilipokuwa natoa, nikamwona akilini mama, mke wa mtu wa reli, akimfunikia baba sahani ya bukari, ugali wetu, kila treni yake ilipochelewa. Sisi watoto tulikuwa na njaa, na hakuna aliyeigusa.

Kolwezi ikaanza kupokea kama mvua. Mukubwa akainamia skrini, akakunja uso.

«Na hii nafasi moja umebakisha kwa Pweto, ni ya nani?»

«Ni ya ule muntu mwenye haiko, patron.»