Tawi la Juu ya Mlango

Juzi, Jumatano ya Majivu ikikaribia, binti yangu alimfungia mlango mzee wa parokia aliyekuja kuchukua tawi letu kavu la mtende. Sikumgombeza. Nilijiona mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto, kwetu mtaani Kadutu, tawi la Jumapili ya Matawi lilikaa mwaka mzima juu ya mlango, na maman alisema linalinda nyumba. Mchana mmoja tonton Déo, mjomba wa watoto wote wa mtaa, aliyefagia kanisa bila malipo, akalichomoa, na maman akamshukuru. Nikamfuata kwa mashaka. Nyuma ya kanisa kulikuwa na moshi mchungu: alikuwa akichoma matawi ya mtaa mzima, kisha akayachekecha majivu kama unga wa muhogo.

“Tonton, na mwizi akikuya leo?”

“Kesho utaona, mutoto,” akajibu bila kugeuka.

Leo najua majivu ya Kwaresima hutengenezwa hivyo. Siku ile nilijua tu kwamba nyumba zetu zote zimebaki wazi, na aliyeziacha wazi anapiga mluzi.

Kesho yake padri alinipaka majivu yale kwenye paji la uso, nikasikia harufu ya moshi ule ule. Jioni maman aliniita kunawa uso. Nilikataa. Nani angelinda nyumba?