Pekupeku Kwenye Theluji

Mimi na rafiki yangu tulijuana kwenye nyumba ya tiba ya maji, nje kidogo ya mji wa Burnsville, huku ughaibuni. Mimi nilikuwa na magoti mabovu. Yeye ni nesi, aliumia mgongo kwa kuinua wagonjwa. Wahudumu walituingiza kwenye maji moto, wakatuingiza kwenye ya baridi, na kila asubuhi walitutembeza pekupeku kwenye theluji kabla ya chai. Wenzetu walipiga mayowe. Sisi, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Kisii, tulishikana mikono tukafunga midomo. Nani angekubali kuwa wa kwanza kulia?

Tiba iliisha zamani, lakini Jumamosi za baridi bado yeye hu-drive hadi kwangu Columbia Heights, tukavua viatu na kuzunguka thelujini nyuma ya nyumba. Juzi binti yangu alifungua dirisha akalalamika, kwa Kiingereza chake, kwamba majirani wanatutazama.

“Watazame mpaka macho yawatoke,” nikamwambia. “Umesahau ulivyokuwa ukinisukuma kwa kiti cha magurudumu?”

Akafunga dirisha. Rafiki yangu akanibana mkono, tukaongeza mzunguko mmoja, polepole, majirani watuone vizuri. Tulipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni anavua soksi.