Mtoto Aliyemrithi Baba Mkubwa

Mliokulia Kemambo wakati wetu mtanielewa. Tulicheza rede mpaka vumbi likakaa kwenye kope, tukanawa miguu tu, maana ndiyo mama aliyoikagua, kisha tukakaa kula ugali wa mtama na maziwa ya kwenye kibuyu, yale yenye harufu ya moshi. Na mtoto alipewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, basi. Siku hizi vijana wetu wanatafuta majina kwenye simu, na mtoto anaitwa kitu ambacho bibi yake hawezi kukitamka bila kunywa maji kwanza.

Mimi nilipewa Boke, jina la bibi mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baba mkubwa Marwa, kaka yake baba, mzee mwenye mvi ambaye hata mbwa wake walitembea kwa adabu, aliniita mama. Hakuwa anatania. Nikitoka shule nampa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anasimama: "Mama, umeshinda njaa? Ingia ule." Halafu ananiuliza kama mvua itanyesha. Nilikuwa na miaka minane.

Mwalimu wetu alituuliza siku moja urithi ni nini. Wavulana wakapiga kelele: ng'ombe! shamba! Akaandika ubaoni: urithi, mrithi, mirathi. Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, mimi nimemrithi baba mkubwa kutoka kwa bibi."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu, mtu wa kutoka Pwani, akanisahihisha kwa upole kwamba kinachorithiwa ni mali, binadamu harithiwi hivyo. Nikakaa kwa aibu, nikaamini nimekosea.

Mwaka ule ule baba na baba mkubwa waligombania shamba la bibi lililo kando ya mto. Baba alitaka ligawanywe. Baba mkubwa alisema mrithi ni mkubwa. Wazee wa ukoo wakaitwa nyumbani, mbuzi akachinjwa, kichuri, ile nyama ya matumbo yenye uchungu, kikaliwa ili mioyo ilainike. Haikulainika. Nilikuwa nawanawisha wazee mikono niliposikia, "Wewe mura, kijana wa juzi, unanidharau mimi!" Baba mkubwa alikuwa amesimama, fimbo juu, na baba hakusogea. Birika likaniponyoka, na mdomo wangu ukatoa neno ambalo hakuna mtoto wa kwetu angethubutu kulitamka.

"Marwa!"

Jina lake tupu, bila baba wala nini. Mama akafunika uso kwa khanga. Nikajua leo nachapwa mpaka nisahau kwetu. Baba mkubwa akageuka taratibu, akashusha fimbo mpaka ikagusa nyasi.

"Naam, mama," akasema.

Akaketi. Mzee mmoja akasema kikao kimekwisha, Boke ameshasema. Shamba likabaki la wote wawili, wakalilima pamoja mpaka nguvu zikawaishia. Mbele yake alisimama mtoto mwenye kidonda gotini, na yeye akamwona mama yake mzazi. Sijui aliyeita siku ile alikuwa nani.

Baba alitangulia. Mwezi uliopita tukamzika baba mkubwa pia. Wiki hiyo hiyo ndugu zangu, watoto wake na wa baba, wakakutana kuhusu shamba lile. Mirathi imefunguliwa, kila mmoja ana karatasi zake. Sauti zikapanda, mmoja akamkwida mwenzake shati. Nikasimama nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa nguvu zangu zote. Wakanitazama kwa heshima kabisa.

"Dada Boke," mdogo wao akaniambia, "tulia basi. Mpima ardhi yuko njiani."

Nikakaa chini. Nina watoto wanne, wote wananiita mama, lakini pale nilimkumbuka yule mwenye mvi, nikamlilia kama mzazi aliyefiwa na mwanawe.