Alfani Aliyeifuata Kahawa Shinani

Pale Msambweni, Alfani wa kahawa alikuwa akijulikana kabla hajaonekana. Asubuhi, jua likiwa bado chini, aliliweka kaango lake nje ya kibanda, upande unakotoka upepo, akazikaanga buni polepole huku akizigeuza kwa mwiko. Hakumwita mtu. Harufu ilitangulia nyumba hadi nyumba, ikaingia sokoni, ikawatoa watu vitandani, na kabla buni hazijatwangwa kinuni benchi lilikuwa limekwisha kujaa.

"Mimi sina haja ya kupiga kelele," alikuwa akisema. "Moshi wangu ndio mpiga mbiu."

Na kwa kweli kahawa yake ilikuwa kahawa. Nyeusi, chungu, ina tangawizi ya kutosha kumfungua mtu kifua. Asiyeijua kahawa alijulikana pale pale benchini, na Alfani hakumstahi. Masila ndiye aliyekuwa akichekwa kila siku ya soko. Masila alikuwa Mkamba aliyepata shamba kule Shimba Hills, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuja kuuza mahindi kisha akaketi benchini na kuomba sukari.

"Sukari ya nini?" Alfani alimwuliza. "Wataka kahawa au wataka uji wa mtoto?"

Masila alitabasamu akainywa hivyo hivyo, uso umemkunjamana.

Siku moja, katika mwaka ule wa kwanza baada ya uhuru, Masila alisema kwamba mama yake, kule kwao milimani ng'ambo ya Machakos, analima kahawa. Alfani alibaki na dele la kahawa mkononi, hamimini.

"Ati mama yako anayo kahawa mlangoni?"

"Anayo mibuni, bwana Alfani. Mingi."

"Na siku zote unakaa hapa kama hujui kitu! Huko basi ndiko mtu huinywa ikiwa mbichi, haijapigwa na jua la gulioni."

Masila aliinamia kikombe chake akanywa.

Siku zile kila mtu alikuwa akisema nchi ni yetu sasa, mtu atembee aione. Alfani alikuwa hajapita Mombasa tangu azaliwe, na nauli alikuwa nayo. Suleiman fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikuwa kibanda cha pili, alimshauri aende Lamu kwenye maulidi akapate thawabu.

"Kahawa ya Lamu naijua," Alfani alijibu. "Ni hii hii, wametia hiliki."

Mkewe Kadzo alikuwa akikata kashata mlangoni. "Nenda Tanga," alisema.

"Tanga kuna nini?"

"Kuna dada yako."

Benchi lote likacheka. Lakini Alfani alikuwa amekwisha kuchagua. Aliwaambia kwamba yeye atakwenda kuinywa kahawa kwenye shina lake, kisha aje awaeleze wao walikuwa wakinywa nini siku zote. Alikifunga kikombe chake kidogo ndani ya leso, na Masila alipokwenda kwao kumsalimu mama yake, waliondoka pamoja. Walivuka Likoni, wakapanda gari la moshi, kisha basi, kisha miguu.

Mama yake Masila aliitwa Kanyiva. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyofu kama mchi, na Kiswahili alikijua kidogo tu. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili. Akampa mahindi na maharage, kisha akamletea chai ya maziwa katika kikombe cha bati kikubwa kama kopo la kuogea.

Kwa watu wa pwani, baada ya chakula huja kahawa. Alfani alikunywa mafunda mawili, akasema alhamdulillahi, akakisogeza kikombe kando ili aache nafasi. Kanyiva alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama mwanawe. Masila akakichukua akaimaliza chai.

Kahawa haikuja. Wala kesho yake haikuja. Ilikuja chai, na Alfani akainywa mafunda mawili, akangoja. Kila alipotembea aliipita mibuni, matunda mekundu yamejaa matawini kama shanga, na wanawake wakishuka nayo kwa vikapu kwenda kiwanda cha chama cha ushirika kule bondeni. Alfani aliyagusa kwa vidole akameza mate. Akaanza kusema moyoni kwamba watu hawa ni wachoyo.

Jioni moja majirani walikuja kumwona mzee aliyetoka baharini. Waliketi uani, wakamwuliza kama ni kweli maji ya bahari huondoka yakarudi, akawaeleza, wakastaajabu. Alijisikia yuko benchini kwake. Kanyiva alipoileta chai, Alfani alicheka akasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Mama, kwetu sisi mgeni hupewa kahawa hata katika nyumba isiyo na chumvi. Nyie mnayo mpaka njiani. Mnanificha nini?"

Alingoja wacheke.

"Amesema nini?" Kanyiva alimwuliza mwanawe kwa Kikamba.

Masila aliangalia chini kwanza. Kisha akatafsiri, maneno machache tu. Majirani waliangalia ndani ya vikombe vyao. Kanyiva aliinuka, akaingia ndani akakaa kitambo, akatoka na kibuyu kidogo. Ndani mlikuwa na matunda ya kahawa meusi, yale yaliyokaukia mtini.

"Anasema hajui zinavyopikwa," alisema Masila. "Hajapata kuonja. Anasema wewe unajua."

Mtu mwingine angeduwaa kusikia hivyo, kwamba mwenye kahawa hajapata kuionja. Alfani alisikia furaha tu. Majirani walianza kuaga, mmoja baada ya mwingine, na yeye akadhani ni adabu yao. Alizitwanga kutoa maganda, akapepeta, akaomba kaango na moto.

"Kaangia jikoni, bwana Alfani," alisema Masila.

"Jikoni? Kahawa hukaangwa nje. Jikoni hushika harufu ya maharage."

"Jikoni ni bora."

"Masila, hii niachie mimi. Nimepata kukufundisha kupanda mahindi?"

Akaziweka buni motoni pale uani, upande unakotoka upepo, kama desturi yake. Zilipoanza kulia, harufu iliinuka, na wallahi haikuwa kama ya Msambweni. Ilikuwa laini, ina utamu ndani yake. Ikashuka kilima chote. Wanawake waliokuwa wakirudi kiwandani na vikapu vitupu walisimama njiani, wakageuza nyuso. Hakuja hata mmoja.

"Waambie waje," Alfani alisema, huku akigeuza mwiko. "Iko ya kutosha."

Kanyiva alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani.

Aliyekuja alikuwa Nthiwa, mtu wa chama cha ushirika, amevaa koti na kofia ya kizungu. Alisimama karibu na moto akaangalia kaango.

"Nani anachoma kahawa?"

Alfani aliacha kugeuza buni.

"Kahawa yote ni ya chama," Nthiwa alisema, akimgeukia mgeni ili naye aelewe. "Hata ile imeanguka chini. Hakuna mtu anachoma nyumbani. Huyu mama anajua kuliko wote, maana ni yeye wamama walimchagua asimame pale kiwandani aangalie vikapu. Msimu uliopita alimrudisha jirani yake mbele ya watu, ati ameficha konzi moja kwenye kanga. Konzi moja, mzee. Sasa harufu imefika mpaka bondeni."

Alfani alikuwa na mwiko mkononi. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: ni mimi niliyeitaka, yeye hana kosa. Lakini miaka mingi ya kutawaliwa ilikuwa imemfundisha kunyamaza mbele ya mtu mwenye kofia, na tena aliliona benchi lake, akamsikia Suleiman akisema Alfani kaenda bara kukamatwa kwa wizi. Akaviangalia vidole vyake vyeusi vya masizi.

Kanyiva ndiye aliyesema, na alisema kwa Kiswahili, kila neno kando.

"Ni mimi. Nilitaka kuonja."

"Na huyu mzee?"

"Mgeni. Yeye hajui kitu."

Nthiwa alingoja kidogo, kana kwamba alikuwa akimpa mgeni nafasi yake. Alfani hakuitumia. Basi Nthiwa akamwambia Kanyiva asije tena kusimama penye vikapu, atachaguliwa mwingine. Akalipindua kaango kwa ncha ya kiatu. Buni zikamwagika majivuni zikaendelea kutoa harufu.

Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Yule mwenyeji aliinuka, akaokota kaango lake, akaliosha. Kisha akatia maji motoni akampikia mgeni chai. Alfani aliinywa yote mpaka mwisho, ikiwa moto, ikamwunguza ulimi. Kikombe chake kidogo hakikutoka ndani ya leso.

Aliporudi Msambweni benchi lilikuwa likimngoja. Hata Masila alikuja, siku ya soko, akaketi mwisho.

"Haya, tupe habari," alisema Suleiman. "Kahawa ya shinani ikoje?"

Alfani alikuwa akimimina. "Wenyewe hunywa chai," alisema.

Likatoka cheko kubwa.

"Maskini! Kama punda, abebe sukari akale nyasi."

Na Alfani akacheka nao. Kidogo tu, lakini alicheka. Masila alimaliza kahawa yake bila sukari, akakisuuza kikombe mwenyewe, jambo asilopata kulifanya, akakiweka juu ya meza akaenda zake.

Tangu siku ile Alfani alihamisha kaango ndani. Alifunga mlango na dirisha akakaanga gizani, macho yakimtoka machozi.

"Unakaanga kahawa au wanifukiza nipungwe pepo?" Kadzo alimwuliza, akikohoa.

Wateja walichelewa kuja, kwa kuwa mpiga mbiu wao alikuwa amefungiwa. Suleiman alilalamika kwamba sasa haamki. Alfani alisema upepo umegeuka.

Masila naye hakuketi tena. Alipita tu na mahindi yake, akasema salaam aleikum kama anavyomwambia mtu yeyote. Mpaka siku aliyopita na mfuko begani, Alfani akajua anakwenda kwao. Akatoka mbio kibandani na kifurushi: kahawa iliyotwangwa vizuri, na kipande cha tangawizi.

"Mpelekee mama."

Masila alikichukua kifurushi, akakinusa, akamrudishia.

"Akiichemsha watanusa," alisema. "Watasema bado anaiba."

Alfani alisimama na kifurushi chake. Kahawa aliyokuwa akijisifia maisha yake yote, na hakuwa na namna ya kuifikisha kwa mtu mmoja.

"Hajambo lakini?"

"Yuko. Anapita njia ya juu siku hizi, ile ya mbali. Isiyopita kiwandani."

"Yule Nthiwa, mwenye neno naye humwona wapi?"

"Kwenye mkutano wa chama. Wanachama wote huwapo."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Na wewe waondoka saa ngapi?"

"Gari la adhuhuri."

Masila hakumwambia njoo, wala hakumwambia usije. Aliubadilisha mfuko bega, akaelekea barabarani.

Alfani alirudi kibandani. Watu wawili walikuwa wakingoja kahawa. Aliwamiminia, kisha akaimwaga kahawa iliyobaki deleni, akaviosha vikombe, akaufungua wazi mlango ule aliokuwa akiufunga kila akikaanga.

"Kadzo, nifungie nguo."

"Waenda wapi tena? Tanga?"

"La. Huko huko bara."

"Si ulisema hakuna kahawa? Huko kuna nini?"

Alfani alikuwa akitafuta viatu. Alivitafuta mpaka akavipata vyote viwili.

"Kuna mama yake Masila," alisema.