Mkono Usiojua Moto

Mwahija binti Abdulrahmani, wa Mtanda mjini Lindi, alikuwa mpishi wa shughuli. Arusi au hitima, ubwabwa ulipikwa na yeye. Na sifa yake kubwa haikuwa chumvi wala tui, ilikuwa mkono wake wa kulia. Sufuria la pishi kumi likishaiva, wenzake wakihangaika kutafuta matambara, yeye hulishika sikio moja kwa vidole vitupu, mwenye tambara la pili, wakaliepua. Kaa la moto likidondoka, huliokota kama anaokota kunazi.

"Huyu kala kiapo na moto," wanawake husema, wakicheka.

"Kiapo gani? Dua za marehemu mama yake hizo. Mkono una baraka."

Mwahija naye hucheka. Lakini aliyemtazama vizuri mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Waingereza angeona kuwa mtu huyu hatulii. Ataketi kuchambua mchele, ungo haujafika nusu keshainuka kufagia ua aliokwisha kuufagia. Ataanza kusuka ukili, atauacha, atakwenda kisimani na ndoo bado zimejaa. Hata kwenye sala, akiinua mikono kuomba, jicho humponyoka likaenda pale juu ya kifundo cha mkono, kwenye baka.

Baka lilianza dogo kama sarafu ya sumni, jeupejeupe, haliwashi wala haliumi. Alilisugua kwa limau, halikuondoka. Akalipaka hina, na kila hina ilipofifia akapaka nyingine, watu wakamtania kwamba anajipamba kwa umri ule. Ramadhani mbili zikapita juu ya hina hiyo. Jina la ugonjwa alilijua, ila hakulitamka hata akiwa peke yake. Alikulia Kilwa, na utotoni alimwona mzee mmoja akijengewa kibanda mbali na watu. Chakula chake kinawekwa juu ya jiwe, na aliyekileta kesharudi mbio.

Jirani yake Tekla, Mmakonde, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, ndiye aliyethubutu. Siku moja wanakaanga samaki uani, Tekla akakunja pua.

"Mama Kidawa, mbona panaungua?"

"Samaki hajaungua."

"Basi ni wewe."

Mwahija akatazama. Kidole chake kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa kikaango, ngozi imefura malengelenge. Akakificha ndani ya kanga.

"Nina mkono mgumu, shoga. Hujui?"

"Hata jiwe ni gumu, lakini halipiki. Baba yangu mkubwa alianza hivyo hivyo."

"Ishia hapo."

Tekla akaishia hapo. Tangu siku hiyo Mwahija akawa anatokea mlango wa nyuma, wasikutane.

Kisha Kidawa, binti yake wa pekee, akaja kutoka Milola kwa mumewe kujifungua kwa mama yake, kama ada ilivyo kwa mimba ya kwanza. Akapata mtoto wa kike, alhamdulillahi. Na siku arobaini zile, anayemwogesha mtoto na kumkanda viungo kwa maji ya vuguvugu ni bibi yake. Kazi hiyo haipewi mtu mwingine.

Asubuhi ya tatu Mwahija aliketi kwenye mkeka, kainyosha miguu, mjukuu kalala chali juu yake. Akachovya mkono ndani ya beseni.

"Yako sawa," akasema.

Kidawa aliinama kumpa sabuni, vidole vyake vikagusa maji. Akavivuta upesi.

"Mama, maji ya moto haya."

Mwahija akachovya tena. Hakusikia kitu. Akachovya mkono wa kushoto, akauchomoa umekuwa mwekundu. Mtoto alikuwa anapiga miayo.

"Nilikuwa nawaza mengine," akasema, akamrudishia mwanawe mtoto. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Akaenda jikoni akarudi mikono mitupu. Halafu akajitanda kanga, akapiga hodi kwa Tekla mlango wa mbele.

"Nipeleke alikopelekwa baba yako mkubwa."

Tekla akaepua chungu chake, wakaenda.

Ilikuwa dispensari ya misheni, msalaba juu ya mlango. Mwahija akasoma bismillahi kimoyomoyo akaingia. Dresa, mhudumu wa dawa na vidonda, kijana aitwaye Nikodemu, akamwamkia shikamoo, akamwambia afumbe macho. Atamgusa kwa unyoya wa kuku, na kila akiguswa aseme.

"Hapa," Mwahija akasema. "Hapa. Na hapa."

Kisha kimya, kikawa kirefu mpaka akamhimiza: "Gusa basi, baba."

"Nagusa, mama. Tangu muda."

Akafumbua macho. Unyoya ulikuwa unapita juu ya vidole vyake.

Neno lile likatamkwa na mtu mwingine, kwa sauti ya kawaida, kama anataja mafua: ukoma. Kuna vidonge, dresa akasema, vya kumeza kila wiki, labda miaka. Ugonjwa utasimama. Kusikia kwa vidole pengine hakutarudi. "Ungekuja mapema, mama."

"Nilikuwa nashughulika na limau," akasema. Kisha akauliza alilolijia. "Mjukuu wangu nimshike?"

"Mshike. Aina yako haimrukii mtu. Ila maji yake apime mwingine."

Njiani Tekla akamwuliza atawaambia nini watu.

"Naanza na Kidawa. Nikianza na mwingine nitatafuta wa tatu, mpaka arobaini iishe."

Akamwambia, pale pale kwenye mkeka. Kidawa akamsogeza mtoto upande wa ukutani. Mwahija akaona. Miguu ikamtaka atoke akafagie ua; hakutoka. Akaeleza yote, na la vidole pia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

"Na ubwabwa wa arusi yangu ukapika."

"Nilipika, mwanangu."

Mwahija akaufunga upindo wa kanga, akaufungua, akaufunga. Alasiri ikaadhiniwa, mtoto akaanza kulia. Kidawa akatoka, akakawia, akarudi na beseni. Akaliweka kati yao, akatumbukiza kiwiko.

"Hayajapoa," akasema.

Mwahija akainyosha miguu yake, wakangoja.